Boma la Kale na mwaka 1863 ulioiacha Dar es Salaam nje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jengo moja ambalo wasomaji wako wengi hulipita kila siku wakiwa wamebanana ndani ya mwendokasi au wakikimbilia boti ya Unguja, na ambalo, ukiwauliza jina lake, wengi watakujibu tu kwamba ni "lile jengo la zamani pale mkabala na boti". Jina lake ni Boma la Kale, liko Barabara ya Sokoine, na ni miongoni mwa majengo yenye umri mkubwa kuliko yote yaliyosalia katika jiji hili. Mimi ni fundi mwashi mstaafu. Sina elimu ya sheria wala ya historia zaidi ya ile niliyookota kazini, lakini ukuta wa mawe na chokaa naujua, na kilichonifanya nishike kalamu ni jambo la sheria nililoelezwa nikiwa nimekaa mbele ya ukuta huo huo.

Siku hiyo tulikuwa tumemsindikiza shangazi wa mjukuu wangu, naye boti yake ilikuwa imechelewa. Mjukuu wangu huyo anasoma sheria chuoni. Tulitafuta kivuli ng'ambo ya barabara, nami nikaanza kumsimulia habari za Boma, akawa ananisikiliza kwa adabu ya mtu ambaye hadithi amekwisha kuisikia mara nyingi. Nilipofika mahali pa kusema kwamba jengo kama hili halivunjwi ovyo kwa sababu linalindwa na sheria ya mambo ya kale, alitoa simu yake, akasoma kimya kwa muda, kisha akaniambia, "Babu, kwa tarehe peke yake hili halimo. Limekosa kwa miaka mitatu au minne tu." Nilidhani ananitania.

Hakuwa ananitania. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo ilichukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1937 na ikafanyiwa marekebisho mwaka 1979, inasema kwamba jengo linahesabiwa kuwa la kale, na hivyo kupata ulinzi bila mtu kuuomba, ikiwa lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo linapata ulinzi pale tu Waziri anayehusika anapolitamka kwa tangazo katika Gazeti la Serikali. Sasa mwenye kuijua historia ya Dar es Salaam na aitafakari tarehe hiyo. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliuanza mji huu katika miaka ya 1860, na Boma, ambalo lilikuwa nyumba ya kufikia wageni wake, lilijengwa mwaka 1866 na 1867. Maana yake ni kwamba mstari wa sheria umepita miaka michache tu kabla ya jiwe la kwanza la mji wetu kuwekwa, na mji mzima, kuanzia nyumba yake ya kwanza ya mawe, umeangukia upande ule usiokuwa na ulinzi wa kujitokea.

Sisemi kwamba hakuna jengo la Dar es Salaam lenye ulinzi, kwa sababu yapo yaliyotangazwa, na Idara ya Mambo ya Kale inafanya kazi yake. Ninachosema ni kwamba katika mji huu ulinzi ni jambo la kuombewa, jengo kwa jengo, na anayetaka kuvunja hana haja ya kumwomba mtu kitu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Kaole yamo ndani ya tarehe kwa karne nyingi. Ngome Kongwe ya Bagamoyo, inayohesabiwa kuwa ya mwaka 1860, imepenya kwa miaka mitatu. Boma la Dar es Salaam limechelewa kwa muda unaokaribia huo huo, ingawa kuta za majengo haya mawili zimejengwa kwa mawe ya aina moja na ujuzi wa aina moja.

Kwa manufaa ya vijana, naomba niseme kidogo kwa nini naliita Boma hili ukumbi wa kwanza wa mji wetu. Ukiwauliza wazee wa rika langu ukumbi wa mji ni upi, watakutajia Karimjee, ambako Bunge la Tanganyika huru lilikutana, au Anatoglo ya Mnazi Mmoja, ambayo jina lake ni la Mgiriki George Arnautoglu, ila ndimi zetu zililipunguza hapa na pale hata likawa la Kiswahili. Ni majibu ya haki. Lakini hizo ni kumbi za mji uliokwisha kukua. Dar es Salaam ilipata manispaa yenye meya mwaka 1949, ikampata meya wake wa kwanza Mwafrika, Sheikh Amri Abedi, ambaye wapenzi wa ushairi hawahitaji kuelezwa ni nani, mwaka 1960, kisha ikawa jiji Desemba 1961. Boma ni la enzi ambazo mtu angeweza kuuzunguka mji wote kwa miguu kabla jua halijawa kali.

Sultani Majid alichokitafuta hapa, kando ya kijiji cha Mzizima, kilikuwa bandari. Bagamoyo palikuwa na misafara na biashara, lakini maji yake ni mafupi na ufuko wake uko wazi, ilhali mlango wa Mzizima ni mwembamba na ndani yake maji ni mengi na yametulia. Alijenga kasri, akajenga na nyumba ya wageni jirani yake, akaanza kuuvuta mji uje. Alifariki mwaka 1870 kabla haujaja. Ndugu yake, Sultani Barghash, aliyemrithi, hakuwa na hamu nao, na mji ukakaa nusu umejengwa nusu umeachwa hadi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipoweka kituo chake hapa mwaka 1887. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu ya koloni lao Dar es Salaam kutoka Bagamoyo, na nyumba ya wageni wa Sultani ikawa imegeuka kuwa nyumba ya utawala. Kasri lenyewe halipo tena. Iliyobaki ni nyumba ya wageni, na nadhani katika hilo kuna jambo la kuchekesha kidogo, kwamba mwenye nyumba ameondoka na mgeni ndiye aliyebaki.

Hapo ndipo neno "boma" lilipolishika jengo. Wapo wanaodai, na nimelisikia hata kwa watu waliosoma, kwamba neno hilo ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa kwenye milango ya ofisi za wakoloni. Si kweli hata kidogo. Mfugaji alikuwa na boma la ng'ombe, na vijiji vilikuwa na maboma ya miti ya kujikinga na adui, kabla Mwingereza hajaota kuitawala Tanganyika, na Wajerumani waliotangulia walilikuta neno katika vinywa vya watu wakalitumia kwa ofisi zao zenye kuta. Kwetu lilienda mbali zaidi ya ukuta. Mtu aliyeitwa na Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, alikwenda bomani, kodi ililipwa bomani, na mpaka leo wawili wasiotaka kupitia msikitini wala kanisani wanafunga ndoa ya bomani, hata kama ofisi wanayoifunga imo katika jengo la vioo. Kwa hiyo mtu anapouliza ofisi ya mji mdogo wa Dar es Salaam ilikuwa wapi, lugha yenyewe imekwisha kumjibu.

Naomba sasa nilieleze jengo kama fundi, kwa sababu naona tunaposifia majengo ya zamani huwa tunasifia umri tu, kana kwamba jengo ni mzee wa kupewa kiti. Ukuta wa Boma ni wa mawe ya matumbawe, yaani jiwe ambalo zamani za kale lilikuwa bahari, lenye vitundu kama mkate wa mofa, jepesi kubeba na rahisi kuchonga likiwa bado bichi. Mawe hayo yamefungwa kwa chokaa. Chokaa nayo ni jiwe lile lile: unayapanga matumbawe juu ya magogo, unayachoma hadi yanakuwa meupe na mepesi, unayamwagia maji yakachemka yenyewe bila moto, kisha unayaacha shimoni yalale, na kadiri yanavyolala ndivyo yanavyokuwa laini kama siagi. Ukiipaka ukutani, chokaa inaanza kuvuta kutoka hewani kile kile ilichokipoteza tanurini, ikarudi polepole kuwa jiwe. Ukuta wa namna hiyo unakuwa kitu kimoja, na unene wake katika nyumba hizi ni dhiraa moja na zaidi, ndiyo maana ukiingia ndani saa saba mchana wa Januari unadhani kuna mtu aliyefungulia kiyoyozi.

Ukiingia vyumba vya nyumba za namna hii utaona kwamba vingi ni virefu na vyembamba, na watu hudhani ni ladha ya Waarabu. Ukweli ni kwamba upana wa chumba uliamuliwa na mti. Boriti za mikoko, ambazo zilikatwa kwa wingi katika delta ya Rufiji na kusafirishwa kwa majahazi, hazibebi sakafu ya mawe ikiwa nafasi kati ya ukuta na ukuta imezidi sana mita tatu. Zikilazwa boriti, karibu karibu, juu yake hupangwa vipande bapa vya matumbawe, na juu ya vipande hivyo humwagwa mchanganyiko wa chokaa na kokoto ambao hupigwa kwa vigongo siku nyingi. Marehemu mzee aliyenifundisha kazi, mtu wa Bagamoyo, aliniambia kwamba utotoni mwake alikuwa akiwaona kina mama wamejipanga mistari miwili wakipiga sakafu huku wakiimba, na kwamba fundi hakuangalia saa wala siku ili kujua imekwiva. Aliinama akaangalia kama sakafu imetoa jasho. Ikitoa jasho, wimbo unasimama.

Na kuna mlango. Nyumba ya heshima ya pwani ilitambulikana kwa mlango wake, na Boma lina mlango mzito wa kuchongwa kwa namna ya Unguja. Mjukuu wangu, alipoona nimenyamaza kwa ile habari ya tarehe, alinisomea kifungu kingine, nadhani ili kunifariji, ila kikanivuruga zaidi. Sheria hiyo hiyo inakilinda kitu kinachoitwa mlango au fremu ya mlango wa mbao iliyochongwa nchini kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Hapo hakuna Waziri wa kusubiriwa. Mlango wa kale unalindwa kwa umri wake, na huwezi kuusafirisha nje ya nchi bila kibali. Nia ilikuwa njema, maana milango yetu ilikuwa ikiondoka na makontena. Lakini fikiria nyumba ya pwani iliyojengwa, tuseme, mwaka 1890, ambayo hakuna aliyekumbuka kuiombea tangazo. Mlango wake unalindwa na sheria, na ukuta unaoushika mlango huo haulindwi. Mwenye tingatinga anaweza kuja, akaung'oa mlango kwa uangalifu, akauegemeza kwenye mwembe, kisha akaendelea na kazi.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu, nayo si ya kujisifia. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 nilipewa kazi ya kukarabati nyumba ya matumbawe katikati ya jiji. Sitaitaja nyumba wala mwenye nyumba, na yeye hana kosa, kosa ni langu, niliyekuwa fundi mkuu. Lipu ya chokaa ilikuwa inapukutika. Tuliibandua, tukapigilia wavu wa kuku, tukapiga lipu ya saruji, moja kwa nne, tukailaza kwa pasi ya mbao hadi ikawa kama kioo. Yule mzee wa Bagamoyo alikuwa bado hai, nikamwendea nikitaraji pongezi, naye akaniuliza swali moja tu: "Sasa ukuta utapumulia wapi?" Nilimwona mtu wa kale. Saruji ya Wazo Hill ilikuwa inapatikana dukani tangu mwaka 1966, na kwetu sisi vijana wa wakati ule mfuko wa saruji ndio uliokuwa maendeleo yenyewe.

Masika mawili yakapita. Ukigonga lipu yangu inalia kama ngoma, na sehemu nyingine ilikuwa imefura kama mtu aliyeumwa jino, na kwenye nyufa chumvi imechanua nyeupe kama unga. Niliitwa kuibandua. Nyuma ya saruji matumbawe yalikuwa yamelowa kama sponji, kwa sababu maji yanayopanda kutoka ardhini na yale yanayopenya juu yalikuwa yamezoea kutokea kwenye uso wa ukuta, nami nilikuwa nimeyafungia mlango. Nilipofika kwenye vichwa vya boriti, pale vinapoingia ukutani, nilisukuma kidole cha shahada kwenye mti uliodumu zaidi ya miaka 80, kikazama hadi kiungo cha pili. Nilikitoa kikiwa na unga mwekundu. Nyumba ile haipo leo. Ilivunjwa miaka michache baadaye, na sababu iliyotolewa ni kwamba ilikuwa mbovu, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Ndiyo maana siamini kwamba tangazo la serikali peke yake linaponya. Wenzetu wa Zanzibar wana sheria yao na mamlaka yao ya Mji Mkongwe tangu mwaka 1985, na Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, lakini Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, upande wake mmoja uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakapoteza maisha. Ulinzi wa karatasi na ulinzi wa mikono ni vitu viwili. Hata hivyo ule wa karatasi ndio unaotangulia, kwa sababu fundi hawezi kuitwa kwenye jengo ambalo limekwisha kuwa maegesho ya magari.

Nilipokuwa naandika barua hii nilimwomba mjukuu wangu anifanyie hesabu. Sheria ilipotungwa, mwaka 1964, kutoka hapo kurudi nyuma hadi 1863 ni miaka 101. Kwa mbunge aliyekaa Karimjee wakati ule, jengo la mwaka 1862 lilikuwa jengo la karne nzima iliyopita, na Boma la Kale lilikuwa jengo ambalo wazee wa wazee wake walilikuta jipya. Siwalaumu. Lakini miaka imekwenda na mstari umebaki pale pale, kama kigingi cha mbuzi ambaye ameshachinjwa. Ninachopendekeza ni kwamba badala ya kuandika mwaka, sheria iandike umri: jengo lolote lililofikisha miaka 100 lihesabiwe kuwa la kale. Mstari wa namna hiyo unatembea wenyewe na hauhitaji Bunge kuusogeza kila kizazi. Boma la Kale lingeingia siku hiyo hiyo. Lingeingia na jirani yake, Nyumba ya Atiman, na Kanisa la Mtakatifu Yosefu lililokamilika mwaka 1902, na kanisa la Kilutheri la Azania Front lenye vigae vyake vyekundu. Yangeingia pia maboma ya mikoani ambayo yote ni ya baada ya 1863: la Mikindani la mwaka 1895, ambalo sasa ni hoteli, la Bagamoyo la mwaka 1897, na la Arusha la mwaka 1900, ambalo ni makumbusho.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni la kweli. Pita Kisutu na mitaa ya Uhindini, uinue macho juu ya maduka, utaona nyumba nyingi zimeandikwa mwaka kwenye paji la uso: 1920 na kitu, 1930 na kitu. Kila mwaka nyumba kadhaa zitakuwa zinatimiza miaka 100, na wenye nyumba hizo ni watu wenye haki zao, wengine wajane na warithi wanaogombania chumba kimoja, ambao kwao mwekezaji mwenye mchoro wa ghorofa 20 ni rehema. Kuwaambia tu kwamba nyumba yao imekuwa mali ya historia ni kuwaongezea mzigo. Kwa hiyo sioni kwamba umri uwe marufuku ya moja kwa moja. Uwe kengele. Mwenye kutaka kuvunja jengo la miaka 100 atoe taarifa, asubiri muda utakaowekwa, watu wa Mambo ya Kale na wasanifu waje walipime, walipige picha, waamue kama ni la kubaki au la kwenda na rekodi yake. Likiamuliwa kubaki, mwenyewe asamehewe kodi ya jengo, maana si haki mtu mmoja atunze kumbukumbu ya mji mzima kwa mfuko wake. Sera ya Malikale ya mwaka 2008 ipo, na wanaoisimamia wanaweza kunisahihisha ikiwa nimeomba kisichowezekana.

Wapo pia watakaosema Boma lenyewe limekwisha kuokoka, kwa hiyo nalilia lililo salama. Ni kweli kwamba sasa lina kituo cha urithi wa usanifu majengo wa Dar es Salaam, kilichoanzishwa kwa ushirikiano wa Chama cha Wasanifu Majengo, Chuo Kikuu Ardhi, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin na wenye mamlaka ya jiji, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, na ninamsihi kila mwalimu wa Ilala awapeleke wanafunzi wake wakaone maonyesho. Lakini hebu simama pale Posta ya Zamani utazame upande huo. Boma limezungukwa na minara yenye ghorofa zaidi ya 30, na kila mmoja wa minara hiyo umesimama mahali ambapo palikuwa na kitu. Jengo moja limeokoka kwa sababu watu fulani walijitokeza kulipigania. Mengine hayakuwa na watu.

Jambo la mwisho ni la mafundi wenzangu na vyuo vya ufundi. Siku jengo litakapolindwa, nani atalitengeneza? Vijana ninaowaona wanajua saruji, vigae na jipsamu, nao ni hodari kunizidi, ila ukiwaambia wazime chokaa, yaani waimwagie maji ichemke, wanatafuta ndoo ya rangi. Wala sitaki mtu anielewe vibaya akaenda kuvunja matumbawe hai baharini, kwa sababu pwani yetu imekwisha kuumia vya kutosha kwa ajili ya tanuri za chokaa. Jiwe la kuchoma liko nchi kavu, na chokaa ya Tanga inafaa kabisa ikizimwa vizuri na kulazwa. Mimi ninalo shimo dogo nyuma ya nyumba yangu hapa Ilala, limefunikwa kwa bati na magunia mabichi. Iliyomo sasa ina mwaka wa tatu, na bado kidogo naiona haijakomaa. Chuo au halmashauri yoyote itakayotaka kuleta vijana sita, hata kwa wiki moja, nitawapokea bila malipo, ilimradi waje kabla ya masika na kila mmoja awe na ndoo yake.

Wako,
Fundi mwashi mstaafu,
Ilala, Dar es Salaam